Miaka kumi nawakosoa masteringi mbele ya wanafunzi: nilikuwa nafundisha sayansi au nawaharibia muvi?

#1 Mwalimu wa Kizota (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma. Kwa miaka kumi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nimekuwa nikiwawekea wanafunzi muvi bwaloni: projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, sabufa yangu kutoka nyumbani. Mwanafunzi akiona jambo ambalo sayansi inalikataa, ananyoosha mkono, nasimamisha picha, tunajadili, naandika. Kaunta buku zimefika nne.

Sasa nimepata uhamisho. Juzi nikifunga mizigo nikakaa chini kuzisoma tangu ukurasa wa kwanza, na tangu juzi sina raha.

Makosa tuliyokamata ni ya kweli. Chombo kinalipuka angani na mlio unasikika, wakati huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Radi inamulika kule mlimani na ngurumo inagonga papo hapo, wakati kila mtoto wa Dodoma anajua mwanga hutangulia na ngurumo hufuata. Gari linapigwa risasi moja linageuka moto. Watoto wakikamata kosa walikuwa wanashangilia kama limeingia goli.

Nilichokitafuta sikukiona. Katika kaunta buku zote nne, maswali ya "kama si hivyo, basi ikoje?" hayajazi ukurasa mmoja. Na kuna mistari miwili ya mwaka 2016 nimerudia kuisoma sijui mara ngapi. Binti wa kidato cha pili alinyoosha mkono, nikadhani amekamata kosa. Akasema, "Mwalimu, naomba usisimamishe, nataka kuangalia nyota." Nikamjibu kwamba zile nyota zimetengenezwa kwa kompyuta. Hakuja tena Jumamosi.

Nisaidieni kufikiri. Watu wenye mabilioni ya kutengeneza picha wanashindwaje kumuuliza mwalimu mmoja wa fizikia? Na sisi tunaokosoa, tunajenga nini?

#2 Chogo wa Majengo

Steringi hafi, mwalimu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya muvi, za Newton zinafuata nyuma.

#3 Fundi Sabufa

Jibu la sauti ninalo mimi. Nimeendesha kibanda umiza Chang'ombe miaka sita.

Kuna siku niliweka Gravity, ile ya 2013, ya mwanamama aliyeachwa peke yake angani. Waliotengeneza ile waliamua kufuata sayansi: mitambo inavunjika vipande vipande na mlio hakuna, ni muziki tu na ule mtikisiko unaopenya kwenye vazi lake anaposhika kitu. Tulipofika pale kibanda kizima kikageuka kunitazama. "Fundi, waya umechomoka!" Nikaamka, nikashika waya za spika mmoja mmoja, nikagonga amplifaya kwa kiganja, nikapandisha sauti hadi mwisho. Muda mfupi baadaye muziki ukapanda wenyewe, mzee aliyekaa mbele akamwaga kahawa mapajani. Watu wanne walidai mia mbili zao.

Kwa hiyo wale wa mabilioni sayansi wanaijua. Wanachokiogopa ni wateja kama wangu.

#4 Chizi wa Anga

@Fundi Sabufa nakuunga mkono, ila niongeze. Gravity kwenye sauti iko sawa, ilipokosea ni kwenye njia. Darubini ya Hubble wakati ule ilikuwa inazunguka kama kilomita 550 juu yetu, kituo cha anga cha kimataifa kama kilomita 400, na njia zenyewe zimeinama tofauti: moja nyuzi 28.5 kutoka ikweta, nyingine nyuzi 51.6. Kutoka huku kwenda kule kwa kimota cha mgongoni, kama wanavyofanya mle, hakuwezekani. Si umbali tu. Unatakiwa ugeuze uelekeo wa kitu kinachokwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Mwalimu, hili mlilikamata?

Halafu mtoa mada umezitia zote kapu moja. Interstellar ya 2014 ilikuwa na mwanafizikia Kip Thorne tangu mwanzo. Aliwapa mafundi wa picha milinganyo, nao wakalichora shimo jeusi, lile lenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, kwa kuifuata. Mwaka 2017 huyo huyo akapata Nobel ya fizikia pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya mawimbi ya mvutano. Aprili 2019 ilipotoka picha ya kwanza ya shimo jeusi halisi, la galaksi ya M87, kila aliyeiona ile muvi aliitambua pete ya mwanga. Hata ile ya saa moja kwenye sayari kuwa miaka saba duniani imo ndani ya hesabu, ilimradi shimo liwe linazunguka karibu na mwisho wa kasi inayowezekana.

Kwa hiyo inawezekana kufanya vizuri na watu wakajaa ukumbini.

#5 Mzee wa Zabibu

Vijana mnamsahau mtafsiri. Wengi wetu muvi hatukuiangalia, tuliisikiliza kwa DJ. Hiyo Interstellar niliiona Nkuhungu. Mtafsiri akasema jamaa wameshuka kuzimu na aliyebaki chomboni amezeeka kwa laana. Milinganyo ya huyo Thorne ilifika Dodoma haina hata namba moja. Lakini yule baba alipokaa kusikiliza ujumbe wa wanawe waliokua bila yeye, kibanda kizima kilinyamaza.

#6 Chogo wa Majengo

Mzee wangu, na wewe ulilia?

#7 Mzee wa Zabibu

Nililia. Nina binti yuko Mwanza.

#8 Nesi wa Zamu

Wenzangu mnaongelea nyota, mimi naongelea wodi.

Kwenye muvi mstari wa moyo ukinyooka, daktari anachukua mashine ya umeme, anashtua, mgonjwa anafumbua macho. Mstari ulionyooka haushtuliwi. Ile mashine ni ya moyo unaotetemeka ovyo, ili utulie uanze upya kupiga kwa mpangilio. Ukinyooka, kazi ni kugandamiza kifua na dawa. Nimeshuhudia ndugu wa marehemu wakimtukana mwenzangu kwamba amemwacha mtu afe na mashine iko pembeni.

Tena hiyo ni ndogo. Binamu yangu aligongwa na kifutu shambani, wilaya ya Bahi, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Wakamfanyia walichokiona kwenye picha. Mpira wa baiskeli ukafungwa chini ya goti, ukakazwa mpaka mguu ukabadilika rangi. Wakachanja kwa wembe. Mmoja akanyonya akatema, akanyonya akatema, watu wamemzunguka wanamsifu. Sumu ya kifutu inakula nyama pale pale ilipoingia, ukiifungia hapo unaisaidia. Alilazwa muda mrefu, akapona, lakini vidole viwili vya mguu hana. Walichotakiwa kufanya ni kumtuliza, kumvua kiatu, kuuweka mguu usichezecheze kama mtu aliyevunjika, na kumkimbiza penye dawa ya sumu. Hakuna kukaza, hakuna wembe, hakuna mdomo.

Na wa kifafa msimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, mwacheni apumue.

Mwalimu, usiache kukosoa. Nakuomba.

#9 Dereva wa Lori

Nesi umenigusa. Kwenye gari kulipuka naomba niseme mimi, nimebeba mafuta miaka tisa, Dar mpaka Singida.

Risasi ya kawaida ikiingia kwenye tangi inatoboa tu. Kinachowaka ni mvuke ukishachanganyika na hewa, na ule mvuke hauonekani. Ndiyo maana tangi lililobaki na mafuta kidogo ni hatari kuliko lililojaa. Sasa muvi imemfundisha mtu kwamba hatari ina kishindo: bunduki, bomu, moto mkubwa. Lori likilala kando ya barabara kimya, hakuna moto, anaona salama, anakuja na dumu. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walipotea hivyo. Mpaka leo nikipita hapo nazima redio.

#10 Kaka wa Nkuhungu

@Dereva wa Lori pole sana kaka. Lakini hapo sikubaliani na wewe. Lile halikuwa somo la muvi, lilikuwa shida. Lita tano za petroli ni hela ya kula nyumbani, na mtu mwenye njaa unaweza kumweleza mvuke mpaka kesho. Tusiibebeshe muvi mizigo yote ya nchi hii.

#11 Dereva wa Lori

@Kaka wa Nkuhungu shida ilikuwepo, sikatai. Ila nimewahi kuanguka mimi mwenyewe na mzigo wa petroli, na waliokuja kwanza walikuja na pikipiki zinanguruma. Niliwasihi wazime, wakaniambia "mbona hakuna moto?" Hao hawakuwa na njaa, walikuwa hawajui.

#12 Binti wa Manyoni

Naomba kumtetea mtu aliyekosea.

The Martian ya 2015 inaanza na dhoruba kwenye sayari ya Mirihi (Mars), upepo unataka kuangusha roketi. Haiwezekani, presha ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya yetu, kwa hiyo dhoruba ya kule ungeisikia mwilini kama upepo mwanana. Aliyetunga hadithi mwenyewe amekiri kwamba alilijua hilo, akaliacha kwa sababu alihitaji mtu wake aachwe. Na udongo wa kule una chumvi ya sumu, pakloreti, iliyogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008, kwa hiyo vile viazi visingelika bila kwanza kuusafisha udongo.

Lakini mimi nimekulia kwenye vumbi. Mwezi wa nane, saa nane mchana, kisulisuli kinainuka uwanjani, kinabeba majani makavu na mfuko wa nailoni wa bluu, kinauzungusha mpaka unakuwa nukta. Bibi alikuwa anatuita tuingie ndani. Nilipoona ile dhoruba nikajiuliza, Mirihi kuna visulisuli? Nikatafuta. Vipo, na vyombo vya utafiti vimevipiga picha. Spirit, kilichotua 2004, kilijaa vumbi kwenye paneli zake za sola, upepo wa kule ukaja ukalipangusa, kikapata nguvu ya kuendelea.

Ile muvi isingekosea nisingetafuta. Sasa hapo mwalimu unaniweka upande gani?

#13 Mawe Chimwaga

@Binti wa Manyoni tuko wote. Nipo mwaka wa tatu jiolojia, na kilichonileta ni Jurassic Park ya 1993, deki ya mjomba, kanda imechakaa. Leo najua karibu kila kitu mle si chenyewe. Yule dinosaria Velosiraptori alikuwa na ukubwa wa bata mzinga na alikuwa na manyoya. DNA kwenye kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka jiwe), wanayoitumia mle kuwafufua, haiwezi kufika leo, inakaa miaka 521 tu basi, na dinosaria walikwisha miaka milioni 66 iliyopita.

Kinachoniuma ni kingine. Niliwajua wale wa Marekani kwa majina nikiwa darasa la nne. Kwamba Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, na kwamba mmoja amesimamishwa Berlin akiwa na zaidi ya mita 13 kwenda juu, niliambiwa nikiwa chuo. Miaka yote hiyo alikuwa wa kwetu.

#14 Chizi wa Anga

@Mawe Chimwaga rekebisha hapo. Miaka 521 ni muda wa nusu ya vifungo vya DNA kukatika, si muda wa kwisha. Ikipita mingine 521 inakatika nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Utafiti wenyewe ni wa 2012, kwenye mifupa ya ndege moa wa New Zealand, na kwenye baridi zaidi DNA inadumu zaidi. Kwa dinosaria hitimisho lako linabaki pale pale.

#15 Mawe Chimwaga

Sahihi, asante.

#16 Kaka wa Nkuhungu

Hiyo mifupa irudi nyumbani kwanza, mengine baadaye.

#17 Chogo wa Majengo

Kaka huo ni uzi mwingine na ulishafika kurasa arobaini, usituhamishe.

#18 Mtu wa Kolo

Kwa kuwa mmegusa vya nyumbani, sitanyamaza.

Natembeza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuna michoro ya watu wembamba, warefu, vichwa vimetanuka. Siku hizi mgeni anapanda kilima, anahema, swali la kwanza: chombo chao kilitua wapi? Ameona video kwamba wale ni viumbe wa sayari nyingine. Na wanaouliza si wageni wa nje tu, ni vijana wetu.

Mimi nawasogeza kwenye mwamba. Nawaonyesha ile rangi nyekundu, ni jiwe lenye kutu ya chuma lililosagwa. Ukitazama kwa karibu unaona mchoraji aliposita, mstari umekuwa mnene, kisha ukaendelea. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja mwaka 1951 akainakili kwa miezi, mchoro kwa mchoro. Watafiti wanaihusisha ile myekundu na wawindaji walio ndugu wa Wasandawe na Wahadzabe, na Wasandawe wapo hapa hapa Kondoa na Chemba, tunakutana nao mnadani. Kichwa kilichotanuka kwa nini kisiwe nywele zilizosukwa, au kilemba cha ngoma? Video inamtoa babu wa mtu kwenye kazi ya mikono yake na kumpa asiyekuwepo. Hilo silichukulii kama burudani.

#19 Mzee wa Zabibu

Mtu wa Kolo, Mungu akubariki kwa hilo.

#20 Kaka wa Nkuhungu

Basi ndiyo niliyokuwa nasema. Tatizo si Hollywood, ni kwamba hadithi zetu hazina bajeti. Anayekuja na picha kali ndiye anayesikilizwa.

#21 Aliyefungiwa

Mimi naongezea redio na shule.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Rujewa kule Mbarali watu walienda kuona pete kamili, huku Dodoma lilimegwa sehemu kubwa. Nilikuwa darasa la sita. Redioni tulikuwa tumeambiwa tusilitazame kwa macho, na ni kweli lisitazamwe. Ila zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu. Shuleni kwetu wakatufungia darasani, madirisha yakazibwa kwa maboksi.

Bati la lile darasa lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Siku zote yale matundu yalikuwa yanaweka vidoa vya mwanga vya duara sakafuni, tulishavizoea. Ilipokaribia saa sita kila kidoa kikawa hilali. Sakafu nzima hilali. Moja ilikuwa juu ya daftari langu la hesabu, nyingine kwenye shingo ya aliyekaa mbele yangu, nikaigusa kwa kidole naye akageuka akidhani namchokoza. Mwalimu wa zamu alikuwa nje ya mlango anatukataza kutoka. Hakujua tunaliona jua kwa njia iliyo salama kuliko zote, na sisi hatukujua. Sababu nimekuja kuijua nikiwa na miaka ishirini.

#22 Nesi wa Zamu

Mwanangu, andika hiyo mahali pengine pia. Isiishie humu.

#23 Mwalimu wa Kizota

Wakuu asanteni, nimesoma zote. @Aliyefungiwa yako nimeirudia mara tatu. Siku ile wanafunzi wangu niliwatoa nje chini ya mwarobaini, na kati ya majani tulipata hizo hilali, mamia. Binti wa nyota alikuwepo. Alivua sweta akalitandika chini ili hilali zionekane vizuri kwenye kitambaa cheupe cha ndani. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa, limenirudia sasa hivi nasoma. Kwenye kaunta buku sikuliandika, kwa sababu halikuwa kosa.

@Chizi wa Anga la njia za angani hatukulikamata, na kwa kweli nisingelikamata peke yangu.

Najaribu kutenganisha. Kosa la Nesi na la Dereva linatoa roho, la Mtu wa Kolo linanyang'anya watu kilicho chao. La dhoruba ya Mirihi halikumuumiza mtu. Mimi yote nilikuwa nayaandika kwa kalamu nyekundu ile ile.

#24 Chizi wa Anga

Mwalimu hapo siko nawe. Ukisema la Mirihi halina neno, mtoto atajuaje lipi lina neno? Mtu aliyezoea kuuliza kuhusu sauti angani ndiye huyo huyo atakayeuliza kuhusu mpira wa baiskeli mguuni. Ni misuli ile ile.

#25 Binti wa Manyoni

@Chizi wa Anga misuli ndiyo, lakini binti wa watu aliomba kuangalia nyota akaambiwa kompyuta. Ni wangapi wameacha fizikia kwa jibu kama hilo? Mwalimu usinielewe vibaya, wewe angalau uliliandika.

#26 Fundi Sabufa

Binti na Chizi endeleeni, mimi nachomoa waya, mvua inakuja na hii radi si ya kuchezea. Niko Ihumwa kwa shemeji.

#27 Chogo wa Majengo

Majengo mwanga tunauona upande wa mashariki, mlio hakuna kabisa.

#28 Mwalimu wa Kizota

@Fundi Sabufa ukishachomoa, kaa ndani, mbali na dirisha. Ikimulika tena anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja.

#29 Fundi Sabufa

Sita.

#30 Mawe Chimwaga

Hosteli hapa hiyo hiyo nimehesabu ishirini na moja! Ilikuja kwa chini, kama lori linapita.

#31 Mwalimu wa Kizota

Basi Fundi iko kilomita mbili kutoka ulipo, na kwako @Mawe Chimwaga ni kilomita saba. Kizota nimeona mwanga tu. Nani yuko Hombolo au Ntyuka? Tukipata namba ya tatu naichora kwenye ramani imepiga wapi. Kaunta buku iko mezani.

#32 Mzee wa Zabibu

Hombolo nipo, ila nilikuwa sijajiandaa. Subirini inayofuata.